Kutakasa chupa za divai ya nyumbani: salfaiti, asidi, ayodini, joto au klorini?

Divai imetulia, mashapo yamekaa chini, rangi imeangaa. Sasa umesimama mbele ya chupa 30 tupu na hujui uzitakase kwa kitu gani. Mmoja kakwambia unga wa salfaiti unatosha kwa kila kazi. Mwingine anaapa kwa oveni. Wa tatu ametumia jiki miaka yote na haoni tatizo liko wapi. Nimezipitia njia zote tano ninazolinganisha hapa, na kila moja ina mahali pake. Ila zote zina sharti moja: zinataka kioo kisafi. Juu ya uchafu, hakuna hata moja inayofanya kazi.

Chupa iwe safi kwanza

Kusafisha ni kuondoa kinachoonekana: mashapo, gundi, vumbi, mafuta ya mikono. Kutakasa ni kuvipunguza vijidudu visivyoonekana hadi vikose nguvu ya kuiharibu divai. Ni kazi mbili na zina mpangilio wake.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Divai yangu ya kwanza nyekundu niliijaza kwenye chupa nilizokusanya kwa watu. Nilizisuuza, nikazitia salfaiti ya kipimo sahihi, nikangoja dakika kumi kamili. Miezi michache baadaye nikafungua chupa, ikanipiga harufu ya zizi, ile inayoletwa na chachu iitwayo Brettanomyces. Chupa ya pili ilikuwa nzuri kabisa. Ya tatu ikanuka kama ya kwanza. Nilizimwaga zilizoharibika, nikaziinua moja moja juani, na kwenye kila moja nikaona pete ya kahawia, nyembamba kama uzi, imezunguka kile kibonyeo cha kitakoni. Yalikuwa mashapo ya divai ya mtu mwingine, yamekauka na kushika kioo. Salfaiti ilipita juu yake, na vilivyokuwa ndani yake vikabaki hai vikisubiri chakula.

Tangu hapo chupa zangu kuukuu nazilaza usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu yenye sodiamu pakaboneti. Unga huo ukiingia majini huachia haidrojeni paroksaidi na magadi. Vipovu vyake vya oksijeni huibandua pete ile bila wewe kujichosha, na lebo nyingi huteleza zenyewe. Magadi ya kufulia peke yake nayo yanafaa, ila yanataka brashi zaidi. Pale brashi isipofika, weka kiganja cha mchele mkavu na maji kidogo, ziba mdomo, kisha tikisa kwa nguvu huku ukiizungusha chupa. Mchele husugua bila kukwaruza, tofauti na changarawe. Sabuni yenye manukato iache, maana harufu yake hung'ang'ania.

Baada ya kusuuza, kuna jaribio moja ninalolifanya kwa kila chupa. Ipindue na utazame ndani maji yanavyoshuka. Kwenye kioo kisafi yanashuka kama pazia, yameenea sawasawa. Yakikatika na kubaki matone matone hapa na pale, bado kuna mafuta au utando. Rudisha chupa kwenye maji.

Tutapima kwa vigezo gani

Anza na adui, maana ndiye anayeamua dawa iwe na nguvu kiasi gani. Katika miaka ya 1860 Louis Pasteur alionyesha kwamba divai haiharibiki yenyewe, vijidudu ndivyo vinavyoiharibu. Vile vinavyomletea binadamu magonjwa havidumu katika divai ya kawaida, yenye kilevi cha asilimia 11 hadi 14 na pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) kati ya 3 na 4. Wanaosumbua ni wachache wanaostahimili mazingira hayo: bakteria wa siki, bakteria wa asidi ya maziwa, Brettanomyces na chachu nyingine za mwituni. Kwa hiyo huhitaji chupa ya chumba cha upasuaji. Unahitaji chupa ambayo wageni hao ni wachache mno kuweza kuanzisha maisha.

Ukishajua hilo, kila njia iulize maswali yaleyale. Inawafanya nini vijidudu hao? Inachukua muda gani? Inataka kusuuzwa baadaye, au chupa inachuruzika tu na kujazwa? Inaacha nini kwenye ladha? Inamdhuru vipi anayeishika? Na dawa ikishachanganywa, inakaa na nguvu yake kwa siku ngapi?

Swali la kusuuza nalipa uzito kuliko mengine. Ukitakasa vizuri kisha ukasuuza kwa maji usiyoyaamini, umerudisha ulichokitoa. Dawa inayotaka suuza inakudai maji yaliyochemshwa na kupoa, na kwa chupa 30 hayo si maji kidogo.

Salfaiti

Hii ndiyo njia ya wazee wa divai. Ni unga mweupe wa metabisalfaiti, ya potasiamu au ya sodiamu, na wengine huupata kama vidonge vya Campden. Ya potasiamu hutoa dioksidi ya salfa takriban asilimia 57 ya uzito wake, ya sodiamu takriban asilimia 67. Kwa kuoshea vyombo zote ni sawa. Kwa kutia ndani ya divai yenyewe, watu huchagua ya potasiamu.

Kinachofanya kazi ni hiyo dioksidi ya salfa, ambayo ni gesi, nayo hutegemea sana ukali wa asidi ya maji. Katika pH 3, kama asilimia 6 ya dioksidi ya salfa iliyo huru, yaani isiyoshikamana na kitu kingine, iko katika umbo linalopenya kijidudu. Katika pH 4 haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana gramu 10 za salfaiti kwa lita ya maji ni vizuri zifuatane na gramu kama hizo za asidi ya sitriki. Bila asidi, una maji yenye harufu kali na nguvu kidogo. Hata ikiwa kamili, salfaiti huwazuia vijidudu zaidi kuliko kuwaua, na chachu sugu huweza kupona. Ipe dakika kumi angalau, ukihakikisha maji yamegusa kila sehemu ya ndani, shingo ikiwemo.

Suuza haihitajiki, chupa ichuruzike tu. Wengi huogopa kinachobaki, basi tupige hesabu. Tone la mililita moja likibaki ndani ya chupa ya mililita 750, linaongeza dioksidi ya salfa ya miligramu 7 au 8 kwa lita. Watengenezaji wengi huongeza zaidi ya hiyo kwa makusudi ili kuilinda divai. Kwa hiyo kinachobaki kinakwenda upande uleule wa unachotaka.

Tatizo lake ni pua na mapafu. Fungua ndoo ya salfaiti yenye asidi katika jiko lililofungwa, uiname juu yake, utakohoa hadi machozi. Mwenye pumu asiishike kabisa, na asiwe hata kwenye chumba hicho. Unga nao huzeeka: mfuko uliofunguliwa hupoteza nguvu taratibu, na watengenezaji wengi huubadilisha kila mwaka. Maji yaliyochanganywa hukaa wiki kadhaa yakifungwa barabara, na pua ndiyo kipimo: harufu ikififia, yamekwisha.

Inamfaa mtu ambaye tayari ana salfaiti kwa ajili ya divai yake, ana hewa ya kutosha mahali anapofanyia kazi, na divai yake ni ya kawaida isiyo na mapovu.

Asidi isiyosuuzwa

Hapa nazungumzia dawa za maji kama Star San, mchanganyiko wa asidi ya fosfori na kiambata, yaani kitu cha aina ya sabuni, kinachotoa povu. Kipimo ni kidogo ajabu, kama mililita 1.5 kwa lita ya maji. Huua kwa kuiharibu ngozi ya kijidudu kwenye pH iliyo chini ya 3, na dakika moja au mbili za kubaki imelowa zinatosha. Kwa kasi, hii na ayodini zinaziacha njia nyingine nyuma.

Kinachowatia watu wasiwasi ni povu. Unaipindua chupa, povu linabaki ndani kama shuka, na mkono unatamani kulisuuza. Usilisuuze. Limejaa dawa iliyoyeyushwa sana, na divai yenye asidi yake mwenyewe hailihisi. Ukishajaza chupa mbili tatu utazoea kuliona likipanda shingoni na kumwagika nje.

Jambo la kuangalia ni maji yako. Kwenye maji magumu, yenye chokaa nyingi, dawa huwa kama maziwa na nguvu yake hushuka mapema. Ukitumia maji yaliyokenekwa, ndoo moja inakaa wiki nyingi, mradi ibaki safi na pH isipande juu ya 3. Vipande vya karatasi ya kupimia pH vinakuondolea kubahatisha. Haina harufu na haileti shida kwa mapafu, ila ile ambayo haijachanganywa inaunguza ngozi na kuacha alama kwenye sakafu ya mawe au saruji. Vaa glavu unapopima.

Inamfaa mwenye chupa nyingi na muda mchache, na mwenye pumu aliyekatazwa salfaiti. Asiye na njia ya kuipata bila kuagiza mbali asijisumbue. Kuna njia nyingine nzuri.

Ayodini

Ayodini iliyoshikizwa kwenye kiambata, inayouzwa kama iodofo, hutumika sana kwenye maziwa na bia. Lengo ni miligramu 12.5 za ayodini kwa lita, na kibandiko cha chupa yako kitakwambia upime kiasi gani kufika hapo. Dakika mbili zinatosha, chupa zichuruzike, mjazo uanze. Inaua vijidudu vya aina nyingi, chachu za mwituni zikiwemo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba inajieleza kwa rangi. Ikiwa na rangi ya chai nyepesi ina nguvu. Ikipauka, ayodini imekwenda zake, changanya nyingine. Kwa sababu hiyo haiwekwi kwa siku nyingi kama asidi, unachanganya ya siku hiyo. Usiongeze kipimo ukidhani unajihakikishia: ikizidi sana inataka suuza, na ladha yake ya hospitali unaweza kuikuta kwenye glasi.

Chupa za kioo hazipati doa. Mipira ya kunyonyea, faneli ya plastiki na kucha zako zitapata. Inamfaa anayependa kuona kwa macho kwamba dawa bado ni hai.

Joto

Hapa hakuna dawa, hakuna mabaki, hakuna harufu. Kwa oveni, funika mdomo wa kila chupa kwa karatasi ya aluminiamu, zipange zikiwa zimekauka, na upandishe joto polepole. Nyuzi 170 za Selsiasi zinataka saa moja, nyuzi 160 saa mbili, nyuzi 150 saa mbili na nusu. Kisha zima na usiufungue mlango hadi zipoe zenyewe. Hapa unapata kitu ambacho dawa nyingine haikupi: chupa inabaki salama siku nyingi chini ya kifuniko chake cha aluminiamu. Unaweza kuchoma Jumatatu ukajaza Jumamosi.

Gharama yake ni muda, nishati na nafasi. Oveni ya kawaida hailazi chupa 30 kwa mara moja, kwa hiyo hesabu mizunguko mitatu au minne, kila mmoja na kupoa kwake. Na kioo hakipendi ghafla. Nimeisikia chupa ikilia "tik" ndani ya oveni kwa sababu niliharakisha kufungua mlango, na ilipotoka kitako kilikuwa kimeachana na mwili, mkato umenyooka kama wa kisu. Chupa za divai yenye mapovu mimi siziingizi oveni kabisa. Shinikizo ndani yake linaweza kufika angahewa 6, na sitaki kioo kilichochoshwa na joto kishike mzigo huo.

Kuchemsha kwenye sufuria ni ndugu yake wa haraka. Zilaze chupa kwenye maji ya baridi, maji yaingie ndani bila kuacha hewa, washa moto, na yakianza kuchemka hesabu dakika kumi. Mahali pa mwinuko maji huchemka kwenye joto la chini zaidi, ila kwa vijidudu vya divai bado linatosha. Maji magumu yataacha ukungu mweupe wa chokaa kwenye kioo. Haudhuru, lakini unakera macho. Mashine ya kuoshea vyombo wengi huihesabu humu, nami siihesabu: maji yake hayapandi vizuri kwenye shingo nyembamba, na dawa yake ya kung'arisha huacha utando.

Joto linamfaa mwenye chupa chache, asiyetaka kemikali, au anayependa kuandaa mapema na kujaza baadaye.

Klorini

Jiki inapatikana karibu kila mahali, na ndiyo maana wengi huanza nayo. Kama kiuaji haina upungufu: mililita 4 hivi za jiki ya kawaida isiyo na manukato kwa lita ya maji baridi, dakika 20, na kilichokuwemo kimekufa. Tatizo linaanza hapo.

Klorini ikikutana na fenoli, yaani kemikali za asili zilizomo kwenye mbao, vizibo au mabaki ya matunda, hutengeneza klorofenoli, na kuvu wakizila hizo hutoa kitu kiitwacho TCA. Hicho ndicho kinachoipa divai harufu ya kadibodi iliyolowa, na pua ya binadamu huweza kukitambua kwenye nanogramu chache tu kwa lita. Viwanda vingi vya divai vimeiondoa klorini kwenye majengo yao kwa sababu hiyo. Chupa ya kioo iliyosuuzwa kwa bidii ina hatari ndogo kuliko pipa la mbao, lakini klorini haikai ndani ya chupa peke yake. Inarukia meza, sakafu, vizibo vilivyo pembeni.

Ndiyo njia pekee hapa inayodai suuza nzito, mara tatu au nne, kwa maji yaliyochemshwa. Na usiichanganye kamwe na siki, asidi yoyote, salfaiti wala dawa yenye amonia. Gesi zinazotoka zinaweza kukupeleka hospitali. Maji yaliyochanganywa yamwage siku hiyohiyo.

Inamfaa nani? Mtu asiye na kingine chochote leo, mwenye maji safi ya kutosha, na asiye na mbao wala vizibo vya gome karibu. Pia inafaa kuokoa chupa iliyoota ukungu ndani, kabla ya kuisafisha upya na kuitakasa kwa njia nyingine siku nyingine.

Ipi kwa hali ipi

Kama unajaza chupa tano au sita na jiko unalo, chemsha. Hakuna sababu ya kununua dawa kwa kazi hiyo.

Kama ni lita 23, yaani chupa kama 30, na unafanya kazi peke yako, asidi au ayodini itakuokolea nusu ya siku. Weka ndoo moja, tumbukiza chupa sita, ukimaliza kujaza sita hizo nyingine sita ziko tayari. Kati ya hizo mbili, maji magumu yanapendelea ayodini, na aliye na vifaa vingi vya plastiki apendelee asidi.

Kama mwenye pumu yumo nyumbani, salfaiti na klorini zitoke kwenye orodha, hata kama anayeosha ni mwingine. Kama unayo salfaiti tayari na unafanyia kazi nje au dirisha likiwa wazi, itumie bila wasiwasi, ila asidi ya sitriki usiisahau.

Kama maji yako ya bomba huyaamini, chagua kati ya zile zisizosuuzwa, au oveni. Kwa maji ya kuchanganyia dawa, chemsha kwanza, yapoe.

Kama huna uhakika wa siku ya kujaza, oveni ndiyo inayosubiri nawe. Chupa zilizotakaswa kwa dawa zijazwe saa hiyohiyo. Zikilala wazi usiku mmoja, zitakase tena.

Kwa divai yenye mapovu, tumia asidi au ayodini, na kabla ya hapo pitisha kidole mdomoni na mwilini mwa kila chupa. Yenye mkwaruzo mkubwa au mdomo uliomeguka isishike shinikizo.

Vifuniko vya kuzungusha vitumbukize kwenye dawa ileile ya chupa. Vizibo vya gome usivichemshe, maana hukakamaa na kumeguka. Vikitoka kwenye mfuko uliofungwa kiwandani, vinyunyizie salfaiti tu kabla ya kuvisukuma ndani. Na chupa ambayo bado inanuka ukungu baada ya kulowekwa mara mbili, itumie kwa maua.